Asilimia 10 ya madini ya Kwale iwekwe wakfu kwa ufundi wa vijana

Mhariri,

Tangu Base Titanium, kampuni iliyochimba mchanga wa titani hapa kwetu, wafunge mgodi wao Desemba 2024, kila baraza hapa Kwale linazungumza habari moja: ile asilimia 10 ya jamii iko wapi, na itafanyiwa nini? Swali la kwanza wameliuliza wengi, na kwa sauti kubwa kuliko yangu. Mimi naandika juu ya la pili. Kila nimsikiapo mwanasiasa akizigusa fedha hizo, neno linalofuata kinywani mwake ni basari, yaani msaada wa karo.

Kwa wasomaji walio mbali na huku: Sheria ya Madini ya 2016, kifungu cha 183, inagawa mrabaha, yaani malipo ambayo mchimbaji hutoa kwa madini anayochukua, mafungu matatu. Serikali kuu huchukua asilimia 70, kaunti 20, na 10 ni za jamii ya mahali madini yanapochimbwa. Fungu hilo la mwisho ndilo la watu wa Nguluku na Maumba, waliohamishwa makaburi ya wazee wao yakabaki nyuma, na la majirani zao walioishi na malori na vumbi tangu meli ya kwanza ipakie mchanga wetu Likoni mapema 2014.

Sina ugomvi na basari. Mpango wa kaunti ulioanza enzi za Gavana Salim Mvurya umewafikisha watoto wa huku katika shule za kitaifa ambazo wazazi wao walizoea kuzisikia redioni siku ya matokeo. Lakini basari ni pesa ya kupita. Mzazi anapanga foleni kwa chifu apigiwe muhuri, fomu inakwenda kwa mwakilishi wa wadi, na hundi ikitoka imekatwakatwa ili kila jina lipate kitu. Huyu elfu tatu, yule elfu tano, karo ni elfu arobaini. Mtoto anarudishwa nyumbani katikati ya muhula, na mwaka unaofuata foleni ni ileile.

Isitoshe, basari zetu zote zinategemea hisani ya ofisi. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema hazina ya maeneobunge, NG-CDF, ambayo nayo hutoa basari, inakiuka Katiba na ikaipa hadi Juni 30, 2026 iwe imefungwa. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti akazizuia kaunti kutoa basari bila makubaliano rasmi na serikali kuu, kwa kuwa elimu ya sekondari si jukumu la kaunti. Kisheria huenda wote walikuwa na hoja. Kwa mzazi wa Mkongani au Kikoneni, ilikuwa ni kusubiri wakubwa wamalize kesi zao huku shule zimefunguliwa.

Na hizi za madini zina tofauti nyingine. Ushuru wa soko hukusanywa tena kesho. Mchanga uliokwishasafirishwa haukusanywi tena. Tukizitumia kulipa karo za miaka miwili au mitatu, mtoto anayezaliwa leo Maumba atakuta shimo lililofukiwa na orodha ya majina ya waliofaidi.

Napendekeza tufanye walivyofanya wazee wa Pwani: tuziweke wakfu. Hakuna haja ya mtaalamu kutoka Nairobi kuja kutueleza jambo hili hotelini Diani. Mtu alikuwa akitoa nyumba au shamba la minazi, mali yenyewe haiuzwi wala hairithiwi, na kodi yake ndiyo inayotumika, msikitini, madrasa au kwa mayatima. Mji wa Kale wa Mombasa na Lamu zimejaa nyumba za namna hiyo. Sisemi fedha za madini ziwe za Waislamu, wala zipelekwe kwa Tume ya Wakfu. Kwale ni ya Wadigo, Waduruma, Wakamba na wengine, na wote wamekula vumbi lilelile. Nachukua kanuni tu: mali ikae, manufaa yatoke. Sheria ya nchi inaruhusu wadhamini kusajiliwa kama chombo kinachodumu hata wao wenyewe wakifa, na watu wa dini yoyote waweza kukaa humo.

Mfano wa Pwani wa fedha za jamii kuzaa ufundi tunao, ila tumeusahau. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor hakikuanza na serikali peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na jamii ya Mabohora walichanga, serikali ya kikoloni ikaongeza, ikazaliwa MIOME, taasisi ya kuwafundisha vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki kazi za ufundi. Mwaka 1966 ikawa taasisi ya kiufundi ya watu wote, 1972 politekniki, na 2013 chuo kikuu. Waliochanga wamekwishazikwa na vijana bado wanaingia lango lile. (Jambo moja hunisikitisha: politekniki ikishavaa joho la chuo kikuu, fundi wa cheti husogezwa pembeni. Lakini hilo ni la barua nyingine.)

Tufanye hesabu, kwa mfano tu. Chukua Sh100 milioni uzinunulie hatifungani za serikali, yaani uikopeshe serikali ikulipe riba. Februari 2024 hatifungani ya miundombinu ilitoa riba inayozidi asilimia 18. Siku hizo zimepita, basi tuseme 12. Ni Sh12 milioni kwa mwaka. Milioni nne zirudishwe ndani ili mfumuko wa bei usiimomonyoe amana, yaani mfuko wenyewe wa wakfu, zibaki nane. Ada ya vyuo vya ufundi vya umma, kabla ya mfumo mpya wa ufadhili wa 2023, ilikuwa Sh56,420 kwa mwaka. Kwa ada hiyo ni vijana 140 kila mwaka, wamelipiwa yote, bila kupiga magoti mbele ya mtu, na zile milioni mia hazijaguswa. Zikigawanywa kama basari za elfu tano tano, zinakwisha kwa wanafunzi 20,000 waliolipiwa kipande.

Najua nitaulizwa: mbona ufundi, si sekondari? Nina karakana ya kuchomelea vyuma Ukunda, na nasema ninachokiona mlangoni pangu. Kijana anamaliza Kidato cha Nne na alama ya D, wazazi wameuza mbuzi wote, anaingia kwenye bodaboda. Mwingine amekaa nami hadi mkono wake umetulia, anaunga bomba la maji usione mshono, lakini alipokwenda kuomba kazi kwenye mradi mkubwa wa ujenzi alirudishwa getini kwa sababu hana cheti cha NITA, mamlaka ya serikali inayowapima mafundi. Aliyeingia alitoka mbali, na cheti chake mkononi. Barabara ya Dongo Kundu, bandari ya uvuvi ya Shimoni, hoteli za Diani, kote huko kuna kazi ya vyuma, umeme, mabomba na majokofu. Kazi imetufuata hadi kizingitini na sisi hatuna karatasi.

Kwa hiyo amana isilipe ada ya chuo tu. Ilipie mtihani wa gredi kwa wale wanaojua kazi lakini hawakukanyaga darasani, wapo wengi mno. Impe anayehitimu sanduku la vifaa, kwa sababu fundi aliyemaliza chuo bila mashine ya kuchomelea anarudi kuwa mtu wa kubeba vyuma vya wengine. Vifaa viwe nusu ruzuku, nusu mkopo wa kulipa polepole, asije akaviuza Jumamosi ya kwanza. Na wasichana wasihesabiwe kwa ushonaji na ususi peke yake. Nimefundisha wawili kuchomelea, na mageti yao wateja huyaulizia.

Wapo watakaosema njaa ni ya leo. Kweli. Basi fungu moja kati ya manne litumike sasa, kwa familia zilizohamishwa kwanza, na matatu yafungwe.

Hofu kubwa ni wadhamini. Wakfu ulioliwa na waliokabidhiwa si hadithi ngeni huku Pwani, na kamati za miradi tumeziona zikigeuka kamati za posho. Ndiyo maana nasema mwanasiasa aliye ofisini asikae humo, wala mgombea. Mdhamini akae miaka mitatu, arudie mara moja, basi. Nguluku na Maumba wawe na viti vyao visivyogombewa na watu wa mjini. Hati ya amana ikataze kabisa kugusa mali yenyewe, hata kwa kura ya wadhamini wote. Hesabu zikaguliwe na mtu wa nje, zibandikwe kwa chifu na kwenye milango ya misikiti na makanisa, kwa Kiswahili, majina ya waliolipiwa yakiwemo.

Kuna na jambo la mali zilizobaki. Karakana za mgodi na bwawa la Mukurumudzi si vitu vya kuachia nyasi. Kabla ya kila kitu kukabidhiwa au kung'olewa, Wizara ya Madini na Serikali ya Kaunti ya Gavana Fatuma Achani waseme hadharani ni kipi chaweza kuwa chuo, na kama mauzo ya maji ya bwawa hilo yaweza kuingia katika amana.

Na wakija barazani kutueleza habari ya mrabaha, waje na rasimu ya hati ya amana mkononi. Tukiletewa fomu za basari, tuzirudishe.

Fundi wa kuchomelea,
Ukunda, Kaunti ya Kwale