Sheria zipi za hoki?

Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa michezo nimesoma lawama kali kwa refa wa hoki ya barafu, eti aliruhusu mchezaji mmoja apige mkwaju zaidi ya mara moja timu zilipotoka sare, "kinyume cha sheria". Ningependa kumuuliza mwandishi: sheria za nani?

Tumezoea soka. Huko kuna bodi moja, IFAB, iliyoundwa mwaka 1886, na sheria zake 17 ndizo hizohizo kila mahali. Hoki haina chombo kama hicho. Shirikisho la kimataifa, IIHF, lilizaliwa Paris mwaka 1908 na lina kitabu chake. NHL, ligi kubwa ya Marekani na Kanada iliyoanza mwaka 1917, ina chake, na haiombi ruhusa kwa mtu. Kamati wanamokaa wachezaji na viongozi wa klabu hupendekeza, kisha bodi ya wawakilishi wa wamiliki hupitisha. Yaani wenye timu ndio wenye neno la mwisho.

Sasa turudi kwenye mikwaju. NHL hairuhusu mtu kurudia mpaka wenzake wote wanaoruhusiwa kupiga wamemaliza zamu. Lakini kwenye Olimpiki ya Sochi mwaka 2014, zilikotumika sheria za IIHF, kocha wa Marekani alimpeleka T.J. Oshie mara sita dhidi ya Urusi. Alifunga minne, Marekani ikashinda, na hakuna sheria iliyovunjwa. Laiti ingekuwa mechi ya NHL, angepiga mmoja tu na kukaa benchi.

Ngumi nazo ni hivyohivyo. Wanaozichapa NHL hufungiwa dakika tano kisha hurudi barafuni; kwenye mashindano ya IIHF hutolewa mchezoni. Hata pointi hazilingani: IIHF humpa mshindi wa muda wa kawaida tatu, NHL humpa mbili, sawa kabisa na aliyeshinda kwa mikwaju. Huo wa NHL, kwa maoni yangu, ni uonevu kwa timu iliyomaliza kazi mapema, ila maoni yangu hayamo katika kitabu chochote.

Wala si jambo geni. Miaka ya 1910 ligi ya mashariki mwa Kanada ilichezesha watu sita kila upande, ya magharibi saba. Mabingwa wao walipokutana kugombea Kombe la Stanley, walipokezana sheria: leo za huku, mechi ijayo za kule. Hebu fikiria kocha anayelazimika kumtafutia kazi mtu wa saba usiku mmoja, na usiku unaofuata kumwacha nje!

Wakati mwingine sheria hubadilika kwa sababu ya mtu mmoja tu aliyezidi wenzake. Novemba 1955 Jean Béliveau wa Montreal alifunga mabao matatu ndani ya sekunde 44, wapinzani wakiwa pungufu kwa adhabu. Enzi hizo aliyefungiwa dakika mbili alizitumikia zote, hata timu yake ifungwe mara ngapi. Mwaka uliofuata NHL ikaamua arudi mara tu bao linapoingia. Na mwaka 2008, Sean Avery alipoupa mgongo mchezo na kusimama akimpungia kipa Martin Brodeur mikono usoni, ligi ilihitaji siku moja tu kutoa tafsiri mpya ya kumwadhibu afanyaye hivyo.

Ombi langu ni dogo. Mnapochapisha ratiba ya mechi za hoki, ongezeni mstari mmoja unaosema zinachezwa kwa kitabu cha nani. Na yule refa mliyemshambulia alikuwa kwenye mashindano ya IIHF. Anastahili masahihisho, tena ukurasa uleule mlikomlaumu.

Msomaji wenu wa siku nyingi