Paka wa kambini

Tanga, Ijumaa usiku

Shoga yangu Mwanahawa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Huku hatujambo.

Barua yako imenichekesha pale uliposema kile kitabu cha Solzhenitsyn, Mrusi aliyefungwa kwenye kambi za kazi za Kisovyeti, sasa kinazuia mlango wa jikoni usijipige. Umekwama ukurasa wa arobaini. Wengi hukwama hapohapo, na si kwa uvivu. Visiwa vya Gulag, yaani vya mfumo mzima wa kambi hizo, ni juzuu tatu nene. Mwenyewe aliziandika kwa kujificha kati ya 1958 na 1968, akachanganya aliyoyaona kwa macho yake na ushuhuda wa watu 227, na aliyekuwa akimwandikia ni msomaji wa Kisovyeti: mtu ambaye tayari ana baba, mjomba au jirani aliyechukuliwa usiku. Huyo hana haja ya kuambiwa kambi ni nini. Wewe unayo.

Basi kiache kiendelee kuzuia mlango kwa miezi mitatu. Anza na kile kidogo cha mtu huyohuyo, Siku Moja ya Ivan Denisovich. Ni siku moja tu ya Januari 1951, tangu nyundo inapogongwa kwenye kipande cha reli alfajiri mpaka watu kulala. Ukipata nafasi ya kuchagua, chukua tafsiri ya Willetts ya 1991. Zile za 1963 zilifuata maandishi yaliyotoka kwenye jarida la Novy Mir, Novemba 1962, kwa idhini ya Khrushchev mwenyewe, mkuu wa nchi wakati huo, na kabla ya kufika huko yalikuwa yamepunguzwapunguzwa.

Mara ya kwanza soma bila kusimama. Majina yasikusumbue: Mrusi mmoja ana jina lake, jina la baba na la ukoo, na huitwa kwa lolote kati ya hayo kutegemea anayemwita ni nani. Ivan Denisovich na Shukhov ni mtu mmoja. Mara ya pili shika penseli, ufuate kitu kimoja tu: mkate.

Asubuhi Shukhov anapokea posho yake, na juu ya mkate pamewekwa sukari kidogo. Sukari anailamba papo hapo. Mkate anaupima kwa kiganja: gramu 550 za haki yake zimo? Hazimo, na hazijawahi kutimia hata siku moja. Swali ni leo kapunjwa kiasi gani. Kisha anaugawa nusu kwa nusu. Nusu moja anaitia kwenye kimfuko cheupe alichokishona mwenyewe ndani ya koti, maana makoti ya wafungwa yanatoka kiwandani bila mifuko. Nusu ya pili anaichimbia ndani ya godoro na kupashona tundu kwa sindano anayoificha kwenye kofia. Mwandishi hasemi kwamba mtu huyu ana njaa. Hana haja.

Baada ya hapo tafuta posho inakotoka. Kila kazi ilikuwa na kiwango chake cha siku, kama ngwe: mita za ujazo za udongo, za magogo, au kimo cha ukuta. Wewe uliyekulia kando ya mkonge hilo halikupi tabu. Tofauti ni kwamba kule aliyeshindwa ngwe alipunguziwa chakula. Akipunguziwa leo, kesho nguvu zimeshuka, keshokutwa zimeshuka zaidi, na ngwe iko palepale. Herling, Mpolandi aliyekuwa kambi ya Yertsevo kaskazini mwa Urusi mpaka 1942, anaeleza masufuria matatu ya jikoni: la waliovuka kiwango, la waliokifikia na la walioshindwa. Mgeni akisikia hivyo huona dawa ni kujituma. Wakongwe walijua kinyume chake, na waliwaambia wageni kwamba inayoua ni posho kubwa, si ndogo. Zile gramu za ziada hazirudishi nguvu iliyotumika kuzipata, na kijana mwenye kifua kipana, aliyezoea kazi za nguvu, alikuwa wa mwanzo kuanguka.

Ndipo utakapokutana na neno tufta. Watafsiri wengine huliacha hivyohivyo, wengine huliita udanganyifu, lakini sisi tunalo letu zuri zaidi: uchakachuaji. Kuandika mita ambazo hazikuchimbwa, kupanga magogo yenye nafasi katikati ili rundo lionekane kubwa, kukata ncha za magogo ya zamani ili yaonekane ya leo. Kiongozi wa kikundi, ambaye ungemwita nyapara, kazi yake kubwa ilikuwa mezani kwa mwandika hesabu, si kwenye shimo. Nyapara hodari ni yule aliyejua kuombea asilimia. Angalia Tyurin ndani ya Ivan Denisovich: watu wake wanamheshimu kuliko baba, na sababu ni karatasi. Usiusome uchakachuaji huu kama wizi. Bila huo wengi zaidi wangekufa, na wakubwa wa kambi nao waliuhitaji, kwa kuwa walidaiwa takwimu na Moscow.

Ukiyashika hayo, uko tayari kwa Varlam Shalamov na Hadithi zake za Kolyma. Huyo, Mwanahawa, ndiye ninayemweka juu ya wote, na nakuonya mapema: hadithi mbili kwa siku, basi. Ni fupi, nyingine kurasa mbili au tatu, na mtu hudanganyika akazifakamia kumi kwa mkupuo. Akifika ya nne hasikii tena kitu, macho yanateleza tu. Kosa si la hadithi. Zimeandikwa bila chumvi wala machozi, na masikio yanachoka. Chukua tafsiri ya Donald Rayfield, juzuu mbili, 2018 na 2020, kwa sababu imefuata mpangilio wa mwandishi. John Glad, aliyetangulia, alichagua baadhi tu.

Anza na ile ya kipimo cha mtu mmoja. Nakuharibia mwisho kwa makusudi, kwani utamu wake hauko kwenye mshangao. Dugaev ana miaka 23, alikuwa mwanafunzi wa chuo. Kawaida kazi ya kikundi huhesabiwa kwa pamoja, kwa hiyo mdhaifu hufichika nyuma ya wenzake. Siku moja anaambiwa kesho atapimwa peke yake. Msomaji wetu huipita sentensi hiyo bila kuiona, ilhali hukumu iko hapo. Anachimba na kusukuma toroli kutwa nzima, msimamizi anakuja na utepe, anapima: asilimia 25. Dugaev anashangaa kwamba ni nyingi hivyo, alivyochoka. Jioni anaitwa kwa mpelelezi, anaulizwa jina, kifungu cha sheria na miaka ya kifungo, anarudi kulala. Siku inayofuata anafanya kazi na kikundi kama kawaida. Usiku askari wanampeleka kwenye ua wa senyenge, kule ambako usiku husikika ngurumo za matrekta. Anapoelewa anakokwenda, anajuta jambo moja: kwamba ametaabika bure siku hii ya mwisho. Hadithi imekwisha. Matrekta hayaelezwi hapo. Mahali pengine Shalamov anasema yaliwashwa ili milio ya risasi isisikike.

Jambo la pili la kuangalia kwake ni jinsi anavyopima. Kule Kolyma, mashariki ya mbali ya Urusi kwenye baridi kali, wafungwa hawakuonyeshwa kipimajoto, kwa hiyo walijisomea wenyewe: ukungu wa baridi ni nyuzi 40 chini ya sifuri, pumzi ikitoka kwa sauti lakini bado unapumua bila taabu, ni 45; ikitoka kwa sauti na kifua kinabana, ni 50; mate yakiganda kabla ya kufika chini, imepita 55. Ukisoma kitabu chochote cha kambi, tafuta vipimo vya namna hii. Ndivyo vinavyomtenganisha aliyekuwepo na aliyesimuliwa.

Sasa nifike kwa paka, maana uliniuliza kwa nini mashahidi hawa wanapingana na kama kupingana huko si dalili ya uongo. Novemba 1962 Shalamov alimwandikia Solzhenitsyn kumpongeza kwa Ivan Denisovich. Alisifu sana, ila akauliza maswali ya kikongwe. Alimwambia: karibu na zahanati ya kambi yako anapita paka. Kambi ya kweli paka angeshaliwa zamani. Wezi sugu wako wapi? Chawa je? Maswali hayo si ya kumwita mwenzake mwongo. Shalamov anazungumzia Kolyma ya 1938 na ya miaka ya vita, machimbo ya dhahabu. Solzhenitsyn alikuwa Ekibastuz, Kazakhstan, 1950 hadi 1953, katika kambi maalumu zilizoanzishwa 1948 kwa ajili ya wafungwa wa kisiasa: namba kwenye nguo, milango kufungwa usiku, barua mbili kwa mwaka, lakini wezi wachache na mkate wa kumfanya mtu afike jioni. Mwaka 1942 karibu mfungwa mmoja kati ya wanne alikufa. 1951 vifo vilikuwa vichache mno ukilinganisha. Kwa hiyo kila unapofungua kitabu, kabla ya sura ya kwanza andika kwenye jalada la ndani vitu vitatu: kambi gani, mwaka gani, kazi gani. Ukikosa hivyo utawagombanisha watu wanaosema kweli wote wawili.

Hicho cha tatu, kazi, ndicho wasomaji husahau. Wengi waliobaki hai wakaandika walitolewa kwenye shoka na sururu wakati fulani. Shalamov aliongezewa miaka kumi mwaka 1943, mojawapo ya makosa yake likiwa kumwita Bunin, aliyewakimbia Wasovyeti, mwandishi mkubwa wa Kirusi. Kilichomwokoa ni mafunzo ya mganga msaidizi ya 1946. Solzhenitsyn, kwa kuwa alikuwa mtaalamu wa hesabu, alikaa miaka mitatu kwenye taasisi ya utafiti ya wafungwa huko Marfino, ndani ya joto. Evgenia Ginzburg alikata miti kambi ya Elgen, Kolyma, mpaka alipopewa uuguzi wa watoto wachanga wa wafungwa. Aliyechimba kuanzia siku ya kwanza mpaka ya mwisho hakuandika. Weka hilo kichwani kama vile unavyoweka kasoro ya mizani ya muuza nyama: kila unachosoma, ukweli ni mzito kidogo kuliko hapo.

Ginzburg msome wa tatu, baada ya Shalamov. Ni mwalimu wa Kazan, mwanachama mwaminifu wa chama, alikamatwa Februari 1937, na hakufichi jinsi alivyochelewa kuelewa. Kipande chako ni kile cha behewa namba saba, safari ya kwenda Vladivostok. Anawasomea wanawake wenzake mashairi kwa kichwa, walinzi wanasikia na wanakuja juu wakitaka kitabu kitolewe. Anaambiwa athibitishe, naye anatiririka na beti za Pushkin nusu saa bila kukosea. Solzhenitsyn naye alitunga kambini kwa beti na kuhesabu mistari kwa tasbihi ya mkate aliyotengenezewa na Wakatoliki wa Lithuania. Sababu ya kuchagua beti unaijua kuliko Wazungu wengi wanaoshangaa: vina na mizani vinakushtaki mwenyewe ukiruka mstari. Bibi zetu walibeba tenzi nzima hivyohivyo.

Herling mweke wa nne. Ukitaka cha kulinganisha, yupo Margarete Buber-Neumann, Mjerumani mkomunisti, aliyefungwa Karaganda na Wasovyeti, wakamkabidhi kwa Wanazi 1940, akamalizia Ravensbrück, kambi ya Wanazi ya wanawake. Hapambi upande wowote.

Ndipo urudi kwenye mzigo wa mlangoni, na uchukue toleo la juzuu moja lililofupishwa na Ericson, 1985, ambalo Solzhenitsyn mwenyewe aliliridhia. Lisome kwa sura, si kwa mfululizo: ya kukamatwa, ya mahojiano, kisha za kambi. Idadi za jumla anazotaja usizinukuu. Alipoandika, makabati ya serikali yalikuwa yamefungwa, na ile milioni 66 aliiazima kwa mtu. Baada ya makabati kufunguliwa, wanahistoria wanakadiria watu kama milioni 18 walipita kambini na kwenye makoloni ya kazi kati ya 1930 na 1953, na vifo vilivyoandikwa vinazidi milioni moja na nusu. Vilivyoandikwa, nasema, kwa kuwa mgonjwa mahututi mara nyingi aliachiwa siku chache kabla, akafie njiani nje ya daftari.

Nimemtuma mdogo wangu akuletee Ivan Denisovich Jumatatu. Umpe risiti ile ya kitambaa arudi nayo. Juzuu ya kwanza ya Shalamov iko kwa mwalimu wa Ngamiani, amekwama hadithi ya sita. Alifakamia.

Wako,
Zuhura