Mama, ulimfuata nani pale?

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Sisi huku hatujambo, dada yako anakusalimu sana. Nilicheka uliponiuliza, "Mama, yaani uliacha shughuli zako zote ukaenda kuwalilia Wazungu?" Nilicheka, halafu swali likanikaa kifuani siku mbili. Jibu lake ni refu kuliko simu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwanza, sikulia. Hilo tulimalize.

Yale makaburi ya vita ya barabara ya Ali Hassan Mwinyi unayajua kwa nje. Nimepita pale zaidi ya miaka thelathini, nimening'inia kwenye daladala, nikiona kijani kile nyuma ya uzio na kudhani ni kiwanja cha ubalozi fulani. Safari hii nilishuka. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa nimetoka kumzika rafiki yangu wiki ile, na nadhani nilitaka tu mahali pa kukaa kimya ambapo hakuna mtu angeniletea kiti na kuniuliza ninaendeleaje.

Ukiingia, kelele za barabarani haziishi, ila zinarudi nyuma. Nyasi zimekatwa fupi kama nywele za mwanafunzi. Mawe yamepangwa safu kwa safu, kimo kimoja, umbo moja, meja na kuruta bila tofauti. Niliinama nikaanza kusoma: nembo ya kikosi, cheo, jina, tarehe, na kwa wengine umri. Miaka 20. Miaka 24. Wametoka Uingereza, Afrika Kusini, India. Chini kabisa, kwenye baadhi ya mawe, kuna maneno ya familia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia familia ziliruhusiwa kuongeza maneno yao, mwisho herufi 66, na nafasi kati ya maneno nazo zinahesabiwa. Nilipitisha kidole kwenye mstari mmoja ambao mvua imeanza kuula, nikamfikiria mama wa yule kijana mezani kwake, anaandika, anahesabu, anafuta, anatafuta neno fupi zaidi la kumwelezea mwanawe. Nikasema yeye ni mama kama mimi. Sikuona aibu kumhurumia, na wewe usinionee.

Basi nimeinama hivyo, nikamsikia mtunza bustani nyuma yangu. Kijana mpole, ana mkasi wa majani mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Unamtafuta nani? Nitajie jina nikuangalizie kwenye daftari."

Mwanangu, nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Maana palepale nilijua kwamba kweli nilikuwa ninamtafuta mtu, na jina lake silijui.

Unamkumbuka bibi yangu kwa picha tu, ile aliyokaa kwenye kigoda amefunga khanga kifuani. Kuna jambo moja lake picha haionyeshi. Mwanamume akija nyumbani na mzigo kichwani, awe mgeni, muuza mkaa au mtu wa kuuliza njia tu, bibi alinyanyuka. Hata miguu ilipokuwa imemchoka alinyanyuka. Alimfuata mpaka mlangoni, anashika upande mmoja wa mzigo na kusema, "Tua kwanza." Salamu zilikuja baadaye. Sisi wajukuu tukisalimia kabla mtu hajatuliwa mzigo, tulikaripiwa: "Mwenye mzigo kichwani hasalimiwi, anatuliwa." Nilikua nikidhani hayo ni malezi ya Kigogo tu. Kumbe Wagogo wenzetu nao walikuwa wakimshangaa.

Baba yake alichukuliwa kubeba mizigo ya vita. Hakurudi. Hayo nilielezwa na mama yangu siku moja tunachambua mchicha, kwa sentensi mbili, kisha akaniambia nikachote maji. Mimi nikaenda kuchota maji.

Sasa nikupe yale niliyoyasoma baadaye, maana shuleni tulifundishwa vita ile kama ugomvi wa Wajerumani na Waingereza, sisi tukiwa watazamaji. Ilianza Agosti 1914. Huku kwetu ilikwisha baada ya Ulaya kuwa imekwisha nyamaza: kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alisalimisha jeshi lake Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili nzima baada ya wenzao kuweka silaha chini. Miaka minne jeshi moja linalikimbiza jingine kutoka Kilimanjaro mpaka Msumbiji na kurudi, kwenye nchi ya mbung'o ambako farasi na ng'ombe wa kukokota mikokoteni walikufa kabla hawajafika popote. Magari yalikuwa machache na njia zake hakuna. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Risasi, unga, mahema, bunduki kubwa zilizofunguliwa vipande vipande, mpaka vitanda vya maofisa, vyote vilipita kichwani mwa mtu, kilo 25 hivi kila mmoja, na mara nyingi huyo mtu ana njaa.

Waingereza na washirika wao peke yao waliandikisha wapagazi karibu milioni moja. Wajerumani nao walikuwa na wao. Idadi ya waliokufa inayotajwa sana kwa upande wa Waingereza ni 95,000, na wapo wanahistoria wengi wanaoiona ni ndogo. Risasi iliua wachache. Wengi walikufa kwa kuhara damu, malaria, nimonia, na unga wa mahindi uliopikwa nusunusu na watu waliochoka kuusubiri uive.

Dodoma iliingia mikononi mwa Waingereza Julai 1916. Ugogo ulikuwa umekwisha kutoa ng'ombe na vijana kwa Wajerumani, ukatoa tena kwa Waingereza. Mvua nazo zikagoma. Ikaja ile njaa ambayo wazee wetu waliiita Mtunya, na ndiyo iliyomchukua mama yake bibi. Bibi akalelewa kwa mjomba wake, akaandikishwa kwa jina la mjomba. Unaona jina la baba yake lilivyopotea? Hakuna aliyelifuta. Mama yangu alimwita babu, sisi tukamwita "baba yake bibi", na hilo likatutosha. Bibi mwenyewe alimtaja kama "mzee", kwa heshima. Aliishi na sisi mpaka mimi nina watoto, na katika miaka yote hiyo sikumuuliza, "Bibi, mzee aliitwa nani?" Swali la maneno manne. Niliuliza mambo mengi ya kijinga na hilo sikuliuliza.

Nilipotoka makaburini sikwenda nyumbani. Nilipanda gari la Posta nikashuka kwenye Sanamu ya Askari. Hapo utanicheka tena, maana hakuna mtu wa Dar anayekwenda kuiangalia sanamu ile, tunaitumia kuelekezana njia tu. Yule askari wa shaba, bunduki mbele, singe imeelekea bandarini. Walimsimamisha 1927. Pale pale Wajerumani walikuwa na sanamu ya gavana wao Wissmann, Waingereza walipoingia mji 1916 wakaing'oa. Nilivuka magari yakinipigia honi, nikasoma maandishi. Yapo kwa Kiswahili na Kiingereza, na mengine kwa herufi za Kiarabu. Yanasema sanamu ni ya kuwakumbuka askari wa Kiafrika waliopigana, na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Kisha yanamalizia kwa kuahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako.

Niliizunguka mara mbili. Jina hata moja halijaandikwa pale.

Nilisimama na hasira, si ya kelele. Nchi yako ipi? Alichukuliwa shambani. Na watoto wako wakumbuke jina gani, kama aliyekuandikisha hakujali kuwaletea hata habari kwamba umekufa?

Tume ya makaburi ya vita iliundwa Uingereza mwaka 1917, na msingi wake ulikuwa mzuri kweli: kila aliyekufa aandikwe jina lake, bila kujali cheo, rangi wala dini. Huku kwetu msingi huo ulipindishwa. Mawe wakapata Wazungu, wapagazi wakapewa sanamu tatu za pamoja: Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Kumbukumbu za tume yenyewe zinaonyesha kwamba gavana wa Tanganyika wa wakati ule, Horace Byatt, alipendekeza makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudi porini upesi iwezekanavyo. Porini! Halafu linganisha na hili: mwaka 1968 makaburi 660 ya barabara ya Ocean Road yalihamishiwa pale nilipokuwa ili kupisha ujenzi wa barabara. Hayo hayakuachwa yarudi porini. Inawezekana, basi. Mtu akitaka, inawezekana.

Tume hiyo ilikiri mwaka 2021. Ilitoa ripoti ikisema watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Radhi nimeipokea, sijui niiweke wapi. Lakini lipo lililonigusa zaidi ya radhi. Januari 2025 huko Cape Town, ndani ya bustani ya zamani katikati ya mji, walizindua kumbukumbu ya Waafrika weusi wa Afrika Kusini waliofanya kazi za jeshi katika vita ile na kufa bila kaburi linalojulikana. Hawakujenga sanamu. Walisimika nguzo za mbao, kila mtu nguzo yake na jina lake, zaidi ya 1,700. Na mbao yenyewe ni mvule, mwanangu. Mvule huu huu wa milango yetu. Nikipata nauli siku moja nitakwenda nikazishike.

Naona nimekuchosha. Ila ulitaka kujua niliwalilia nani, na bado sijamalizia ya yule kijana wa bustani.

Nilimwambia kweli: "Jina silijui, baba. Alikuwa mpagazi." Hakunicheka. Akasema, "Hao hawamo humu, mama," akaangalia chini kidogo, akaongeza, "wengi huwa wanakuja kuwauliza." Kisha akanipa kitabu cha wageni nisaini. Kina safu ya tarehe, ya jina, ya unakotoka, na ya mwisho ya maoni. Walionitangulia wameandika kwamba panapendeza, panatunzwa vizuri. Mmoja ameandika amempata babu yake.

Kwenye safu ya jina niliandika langu. Kwenye maoni niliandika maneno mawili: "Tua, babu."

Mkono ulinitetemeka kidogo, hilo nakubali.

Sasa nina kazi nawe. Mama mkubwa wako yule wa Mpwapwa yungali hai, na masikio anayo mazima ingawa macho yamemwacha. Yeye ndiye aliyelala chumba kimoja na bibi miaka ya mwisho. Mwezi ujao ukienda huko kwa kazi zako, pitia kwake. Usimkabili na swali kama karani wa sensa, atasema hajui ili uondoke. Kaa naye mchana kutwa. Mwombe akuhadithie habari za mjomba aliyemlea bibi, za ng'ombe waliochukuliwa, za Mtunya, na umwache apotee anakotaka kupotea. Akifika kwa "mzee", hapo ndipo umuulize aliitwa nani, nani alimpa jina hilo na kwa nini, maana Mgogo hapewi jina bila sababu. Liandike kama anavyolitamka, usilinyooshe liwe la Kiswahili. Na ukiweza mrekodi kwa simu nisikie sauti yake.

Mimi ni kitukuu chake, wewe kilembwe. Baada yako sina hakika kama kuna atakayejua hata pa kuulizia.

Akisema naye hakumbuki, usimlaumu. Nijulishe tu. Na ukimkuta kijana anashusha gunia la mtama pale uani, kabla hujamsalimu, mshikie upande mmoja.

Nguo zako za baridi nimemkabidhi dada yako, azitume wiki hii.

Mama yako