Plau ya theluji kwenye gari ya familia: someni kwanza kibandiko cha mlangoni

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, maana ile makala yenu ya kujiandaa na msimu wa theluji imenigusa penye kidonda. Mmeandika kwamba mwenye SUV anaweza kufunga plau ndogo mbele, yaani bledi pana ya kusukumia theluji, akajisafishia njia ya gari mwenyewe na kuachana na beleshi. Ni kweli, hamjadanganya. Ila mmeishia palepale alipoishia aliyeniuzia mimi: "hii itaingia tu kwenye gari yako". Na kuingia iliingia, tatizo langu halikuwa kuingia.

Watu wanadhani theluji ni pamba. Ile kavu iliyoanguka usiku sawa, unaisukuma huku unapiga stori. Lakini iliyolala siku mbili ikanywa maji, mita moja ya ujazo inaweza kufika kilo 300 na kupita. Sasa chukua njia ya upana wa mita 3 na urefu wa mita 15, theluji imelala sentimita 20 tu, hizo ni mita za ujazo 9, yaani karibu tani 2.7 zinakusubiri wewe na kiuno chako kabla hujaenda kazini. Kwa hiyo mtu akikuambia kuna plau unachomeka mbele ya gari hubishani naye, unatoa pesa. Mi nilitoa.

Ya kwanza ilikuwa ya chuma, kilo 140 pamoja na fremu yake. Unaisogelea na gari, unapiga pini mbili, unaunganisha waya za winchi ya kuinyanyulia, kazi imeisha. Nilipoinyanyua mara ya kwanza pua ya gari ikainama kama ng'ombe anayekunywa maji. Nikajipa moyo kwamba springi zitazoea. Springi hazizoei jamani, springi zinachoka.

Fundi mmoja mzee ndo alinifungua macho, na hakushika hata spana. Alifungua mlango wa dereva akanionyesha kile kibandiko kwenye nguzo, kile ambacho sote tunakiona kila siku tukitaka kujua upepo wa matairi afu tunafunga mlango. Pale pameandikwa mzigo wa mwisho ambao ekseli ya mbele inaruhusiwa kubeba. Yangu kilo 1,270. Nikaenda kupima gari kwenye mizani, ekseli ya mbele peke yake, mimi na mke wangu tumekaa mbele, ikaja 1,150. Nikafurahi kidogo, zimebaki 120, plau ni 140, nimezidisha 20 tu, si kitu. Mzee akacheka.

Akaniambia shika ndoo ya maji umeikumbatia, halafu inyooshee mkono mbele. Ndoo ni ileile ila bega linalia. Plau haikai juu ya ekseli, inaning'inia mbele yake, kwangu mimi kama mita 1.1, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.75. Ukigawa unapata 0.4, maana yake kila kilo ya plau iliyonyanyuliwa inaigonga ekseli ya mbele kama kilo 1.4. Kilo 140 zinakuwa 196. Nimezidisha 76, sio 20. Na zile 56 za ziada hazitoki hewani, zinatolewa nyuma, yaani matairi ya nyuma yanapungukiwa na uzito kilo 56 wakati uko kwenye barafu unataka kusimama. Nikakumbuka siku natelemka taratibu kabisa, nagusa breki, mkia unataka kunipita. Siku ile nililaumu matairi.

Wengine wanaweka mifuko ya mchanga kwenye buti, nyuma kabisa ya ekseli ya nyuma, na inasaidia kweli, mkia unatulia na pua inapunguziwa kidogo. Ila ifungwe vizuri isije ikawafuata mbele mkigonga kitu, na nayo ni mzigo, inahesabiwa kwenye uzito wote wa gari.

Jambo lingine ambalo makala imepita kimya: SUV nyingi za siku hizi hazina chesisi ya chini kama pikapu, bodi yenyewe ndo chesisi. Plau inasukuma kwa kugonga, kila rundo ni kagongo kadogo, na vigongo vyote vinaishia kwenye zile bolti zilizoshika fremu. Someni kitabu cha gari, kuna magari mengi tu ambayo kitabu kinasema wazi usifunge plau, na hapo hata waranti usiiulize. Pikapu zinazoagizwa tayari kwa plau kiwandani zinapewa springi ngumu zaidi mbele, na mara nyingi alteneta kubwa na hata kipoza mafuta ya giaboksi, sio mapambo yale.

Joto nalo. Unasema nje kila kitu kimeganda, injini itachemkaje? Yangu ilichemka. Nilikuwa naendesha umbali mrefu kidogo plau nimeinyanyua hadi mwisho, bledi imekaa mbele ya rejeta kama mlango uliofungwa, hamna upepo unaoingia. Dawa yake ni kuishusha kidogo na kwenda polepole, ukiona sindano inapanda unasimama. Giaboksi ndo usiseme, mbele nyuma mbele nyuma, na sisi wenye haraka tunarusha gia gari halijasimama. Simama kwanza, kisha badilisha.

Na kamera na sensa zote zilizojificha kwenye grili zinaona chuma tu, gari inapiga kelele kwamba unagonga wakati hujaondoka hata nyumbani. Taa nazo bledi inaziziba nusu. Ukimaliza kazi, vua plau. Hiyo ya kwenda nayo sokoni kujionyesha achaneni nayo, na eabegi msithubutu kuizima ili tu plau ikae vizuri.

Upana sasa, hapa nilijicheka mwenyewe. Nilinunua bledi ya mita 2 nikijua gari yangu ina mita 1.9, nimeshinda. Ila bledi haifanyi kazi ikiwa imenyooka siku zote, unaigeuza pembeni ili imwage theluji upande mmoja. Ukiigeuza nyuzi 30 ile mita 2 inabaki kama 1.73. Matokeo yake tairi la upande mmoja linapanda juu ya theluji ambayo bado sijaitoa, linaikandamiza inakuwa barafu, narudi na beleshi kubandua kazi ya plau. Halafu ya kwangu kuigeuza lazima nishuke, nitoe pini kwa mkono, glavu zimeloa. Muuzaji hakuisema hiyo pia.

Kilichoniamulisha ni jiwe la ukingo. Limefunikwa, silioni, naenda kama mwendo wa mtu anayekimbia, bledi haikuwa na zile springi zinazoiacha ilale mbele ikigonga kitu. Mkanda ulinikaba kifuani, fremu ikapinda, bampa likapasuka kona. Vijiti virefu vya rangi kali vinachomekwa pembeni ya njia kabla theluji haijaanguka, mi nilivichomeka wiki iliyofuata.

Saivi nina bledi ya plastiki ngumu, kilo 75 na fremu yake, ina springi za kulala. Zidisha na 1.4 unapata 105, niko chini ya zile 120, tena wakati wa kusukuma mke wangu yuko ndani anakunywa chai kwa hiyo nafasi imeongezeka. Haiwezi rundo la barafu lililokaa wiki, hilo nakubali. Natoka mapema, ikifika sentimita 10 nasukuma, ikiongezeka narudi tena, na rundo la kwanza la msimu nalipeleka mbali kabisa ya mwisho wa njia kwa sababu likiganda halisogei mpaka joto lirudi.

Mhariri, mkirudia ile makala mwakani, ile picha ya plau inayong'aa iondoeni, wekeni ya kibandiko cha mlangoni. Hata ya gari yangu nitawatumia, bampa bado halijazibwa.

Msomaji wenu, mwenye kiuno kibovu