Kumpima jaji si kumwingilia

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu wa miaka mingi bila kuwaandikia, ila ile taarifa ya kupima utendaji wa majaji imenishinda. Wakili mliyemhoji anadai kumpima jaji ni kuingilia uhuru wake. Nakataa kabisa.

Uhuru wa mahakama siuchezei. Septemba 1972 Jaji Mkuu wetu hapa Uganda, Benedicto Kiwanuka, alikamatwa akiwa Mahakama Kuu, hakurudi tena. Novemba 2005 wenye silaha waliovaa nguo nyeusi waliivamia mahakama hiyohiyo baada ya washtakiwa kupewa dhamana. Machi 2007 wakarudia, majaji wakagoma. Huko ndiko kuingilia. Ibara ya 128 ya Katiba inazuia mtu yeyote kumwelekeza jaji aamue vipi; ibara ya 126, mbili tu nyuma yake, inaagiza haki isicheleweshwe. Mbona mawakili wanaisoma moja tu?

Familia yetu ina kesi ya kiwanja alichotuachia marehemu baba. Mashahidi walimaliza, mawakili wakawasilisha hoja, tukaambiwa hukumu itasomwa tukipewa taarifa. Taarifa haikuja. Kila tukienda, karani anafungua daftari, anapitisha kidole, anasema faili liko kwa mheshimiwa. Kumbe mheshimiwa ameshahamishwa! Aliyekuja akaamua ushahidi usikilizwe upya. Mzee jirani aliyepanda miti ya mpaka kwa mkono wake, shahidi wetu mkubwa, alikuwa ameshazikwa, na mpinzani wetu ameshapandisha vibanda vya maduka juu ya kiwanja hicho na anakusanya kodi. Mama yangu alitoa ushahidi mara ya pili kwa Kiswahili. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu 2005, lakini mahakamani bado unategemea mkalimani. Huyo wetu aliyabana maelezo yake marefu yakawa sentensi mbili. Mama akanigeukia: "Mwanangu, mbona yale ya mpaka hakuyasema?" Aliyewapa wakalimani kazi naye apimwe.

Kanuni za maadili za majaji wenyewe zinataka hukumu isipite siku 60 pasipo sababu nzuri. Basi kila Jumatatu mahakama ibandike karatasi kando ya orodha ya mashauri: namba ya kesi, siku usikilizwaji ulipofungwa, siku zilizopita, na sababu. Jaji aliyelemewa na mafaili, idadi yake nayo iandikwe ili aongezewe mwenzake. Nani kashinda isiwe sehemu ya kipimo hata kidogo. Wanaopima wawe Tume ya Utumishi wa Mahakama na majaji wastaafu. Ikulu na mwakilishi wa rais wilayani wasiiguse kazi hiyo. Karatasi iwe na saini na mhuri wa msajili, na ibandikwe nje ya lango, tuisome bila kupita kwa karani.

Msomaji wenu,
Jinja