Wameupiga, shoga yangu

Hamburg, 14 Agosti 2023

Shoga yangu,

Wameupiga! Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu nakujua, ungeruka kurasa zote kulitafuta. Alexander the Great, wimbo mzima, mwanzo hadi mwisho, Iron Maiden wenyewe, wale Waingereza wa roki nzito, mbele ya macho yangu kwenye tamasha la Wacken, na mimi tope limenimeza mabuti, nalia hadharani wala sioni haya. Sasa salamu. Hujambo? Wanao hawajambo? Presha ya mama imetulia? Mie mzima, ila mafua yamenikaa kifuani, na yalikotoka utapaona mwenyewe huko mbele.

Najua umenuna. Ulinitumia sauti WhatsApp ukiuliza kulikuwaje, nami nikakujibu neno moja. Haya si mambo ya kusimuliwa kwa dakika mbili huku nakimbilia zamu. Chukua chai yako ukae.

Wacken ni kijiji, tena kijiji hasa, kaskazini ya hapa nilipo. Wenyeji wake ni kama elfu mbili tu, wakulima na wafugaji, na ng'ombe utawaona tangu hujashuka kwenye basi. Mwaka 1990 vijana wawili wa hapohapo, Thomas Jensen na Holger Hübner, walifanya tamasha dogo la roki nzito, likahudhuriwa na watu mia chache. Leo wanauza tiketi 85,000, na za mwaka huu ziliisha ndani ya saa chache. Kijiji kinameza watu mara arobaini ya wakazi wake, na wenyewe wala hawana habari. Vibibi vinakaa kwenye ua wa nyumba vikiuza keki na kahawa kwa majitu yaliyochorwa tatuu mpaka shingoni, na watoto wanakukokotea mizigo kwa vigari ujipatie nafuu nao wajipatie chochote. Bendi ya zimamoto ya kijiji nayo hupanda jukwaani kupiga matarumbeta, na watu wanaishangilia sawasawa na hao wakubwa. Ungecheka!

Msemo wao wa miaka yote ni kwamba mvua inyeshe, jua liwake, tamasha lipo. Mwaka huu mvua ikawashika kwa maneno yao.

Ilinyesha mfululizo. Nilitangulia mapema na treni hadi Itzehoe, halafu basi, pamoja na mwenzangu wa wodini, dada wa Kijerumani ambaye hii bendi ameipenda tangu hajavunja ungo. Tulipofika, yale yaliyokuwa malisho ya ng'ombe yalikuwa yameshavurugwa na magurudumu, nyasi hamna, ni tope jeusi linalovuta kama bokoboko la harusini. Ukiinua mguu unasikia linakunyonya, na mguu unatoka, buti linabaki. Nimeona mtu mzima, ndevu mpaka kifuani, amesimama kwa mguu mmoja huku soksi ya mguu wa pili ameining'iniza hewani, na wenzake watatu wamepiga magoti wanachimbua buti lake kwa mikono. Hakuna aliyekasirika. Wakalitoa, wakamvika, wakashikana mabega wakaendelea na safari yao.

Mimi, mtoto wa Ngamiani, Tanga, niliyekulia kwenye mvua za masika, nilidhani tope nalijua. Wapi! Letu likishapata jua la saa mbili limekauka, unalikung'uta. Hili la baridi halikauki, linakusubiri. Asubuhi unalivaa, usiku unalala nalo. Wazoefu walikuwa wamefunga mifuko ya nailoni miguuni wakazungushia selotepu pana hadi magotini, nasi tukaiga.

Magari ndiyo yalikuwa balaa. Kambi ya Wacken ni ya magari, kila mtu anapiga hema kando ya gari lake, na sasa magari hayaingii wala hayatoki. Matrekta ya wakulima yakawa yanavuta moja moja kwa minyororo. Jumanne foleni ikazuiwa barabarani, na kufika Jumatano waandaaji wakatangaza kwamba hawapokei mtu mwingine tena. Waliokuwa ndani ni kama elfu hamsini. Waliobaki, maelfu kwa maelfu, tiketi mkononi, wengine wamepanda ndege kutoka mabara mengine, wakaambiwa warudi, watarudishiwa pesa zao. Kaka mmoja wa kazini kwetu alilala garini kandokando ya barabara akitumaini watalegeza, asubuhi akageuza gari kurudi Hamburg. Mpaka leo nikimpita kwenye korido najikuta nazungumzia hali ya hewa. Pesa zitarudi, lakini hivi pesa ndiyo alichokuwa anakifuata kule?

Haya, tuje kwenye lenyewe.

Unaikumbuka ile kaseti ya Somewhere in Time aliyotuletea kaka yako enzi zake za ubaharia? Ile ya kurekodiwa, majina ya nyimbo ameyaandika kwa mkono, nusu hayasomeki. Upande wa pili, wimbo wa mwisho. Redio yenu ya Chumbageni ikautafuna mkanda pale katikati, magitaa yanapoanza kufukuzana, tukaukata na kuuunga kwa selotepu. Tangu hapo wimbo ule sisi tuliujua na pengo lake: Iskandari, ndiye huyo Alexander, yuko njiani anapiga nchi za watu, mara kaa! tumeshafika kwingine. Bibi yako, Mungu amrehemu, akatuambia huyo mnayemwimba ni Dhulkarnaini wa kwenye Kurani, ustadhi akabisha, wakabishana mpaka magharibi sisi tukaachiwa redio. Na wewe ndiye uliyesema: hawa huu hawatakaa waupige jukwaani hata siku moja, ni mrefu na ni mgumu.

Ulisema kweli kwa miaka 37. Albamu ilitoka 1986, mpiga besi wao Steve Harris aliutunga, na watu wakauomba na kuuomba, bendi haijibu. Imekwenda kila pembe ya dunia, mwaka 2016 ikafika hadi Afrika Kusini na mwimbaji wao Bruce Dickinson mwenyewe ndiye rubani wa ile jumbo jeti yao, lakini Alexander hamna. Ndipo Mei mwaka huu, siku ya kwanza ya ziara yao mpya, huko Ljubljana, Slovenia, wakaupiga. Video zikatapakaa usiku uleule. Wewe ulinitumia, mimi sikuifungua. Nilijizuia kuanzia Mei hadi Agosti, na asikwambie mtu, kazini walinitega kwa kila hila. Nilitaka nikisikia niwe nimesimama mbele yao.

Siku yenyewe tulikwenda kushika nafasi mapema, na kufika tu uwanjani ni jihadi. Walikuwa wamemwaga vipande vya mbao juu ya tope ili watu wasizame, vikazama vyenyewe. Tulisimama pembeni ya jukwaa, upande wa mpiga gitaa Janick Gers, sikutaka kwenda katikati kabisa kwa sababu katikati watu wanarushwa juu ya vichwa na mie mgongo wangu wa kubebea wagonjwa siuamini. Pembeni yangu alikuwa baba na binti yake wa miaka kama kumi, amevishwa vile vizuia sauti vikubwa vya masikioni. Binti kaning'ang'ania mkono kila akiteleza, utadhani tumetoka nyumba moja.

Wakaanza kama kawaida yao. Kwanza spika zinapiga Doctor Doctor ya UFO, na hapo kila shabiki anajua kwamba kimeiva, elfu hamsini wanaimba wimbo wa bendi nyingine! Halafu taa zikazimwa, ukaja muziki wa Vangelis, na wakatoka mbio. Shoga, watu hawa ni wazee. Dickinson juzi hii ametimiza miaka 65, tena aliwahi kuugua saratani ya ulimi, na bado anakimbia jukwaa zima na kupaza sauti mpaka unajiuliza hewa anaitoa wapi. Harris yuleyule, mguu juu ya spika, gitaa la besi anatulenga nalo kama vile tumemkosea.

Na mpiga ngoma wao, Nicko McBrain. Hili nakueleza kama nesi. Mwezi huu ndipo ametangaza kwamba Januari alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza. Ana miaka 71. Mie wagonjwa wa kiharusi ndio kazi yangu, najua mtu anavyohangaika wiki nzima kushika kijiko, anavyolia akikiangusha. Huyu miezi sita na kitu baadaye yuko nyuma ya ngoma kwa saa mbili kasoro. Nilikuwa namtazama ule mkono wa kulia tu. Kuna mahali niliona anapiga kwa uangalifu, anaacha mapambo ya zamani, anabakiza mapigo yanayohitajika. Wapo waliolalamika kwamba kasi imepungua. Hao hawajawahi kumfundisha mtu kushika kijiko.

Nisikuchoshe na kila wimbo. Lile dude lao Eddie, zimwi la nembo ya bendi, lilitoka kama ulivyolizoea, safari hii lina bunduki za kizimwi, likarushiana moto na Dickinson, binti wa jirani yangu akapiga ukelele wa furaha. Nyimbo za albamu mpya zilikuwa ndefu kuliko zilivyohitaji, na hapa tugombane tukitaka. Wewe unazipenda, mie naona wangepunguza moja tungepata nafasi ya wimbo mwingine wa zamani.

Kisha Dickinson akatusemesha kidogo, taa zikawa za rangi ya dhahabu, upepo ukaanza kuvuma kwenye spika. Mwenzangu akanigeukia. Sikuweza kumwangalia.

Ule mwendo wa kijeshi wa mwanzo, unaujua. Ukiusikia kwenye simu ni ngoma. Ukiusikia pale unaingilia miguuni, tope lote linatetemeka, vidimbwi vidogo kwenye nyayo za watu vinafanya mawimbi. Nimeyaona kwa macho yangu, nilikuwa nimeinama najifuta. Watu waliokuwa wanarukaruka tangu mwanzo wakatulia. Kwa nyimbo nyingine walikuwa wanaimba. Kwa huu waliimba kama watu wanaosoma dua waliyoihifadhi, wengi wao vijana ambao hata wazazi wao hawakuwa wameoana 1986.

Halafu magitaa. Pale petu. Nimeshausikia wimbo mzima mara nyingi tangu enzi za kaseti, na bado mwili wangu hapo huwa unasita, unasubiri kuruka. Sasa Adrian Smith na Dave Murray wako mbele yangu, hawaruki. Wanapita mlemle tulimokata kwa mkasi wa mama yako. Wanakwenda taratibu, kasi inabadilika, inabadilika tena, na Harris chini yao anawasukuma, na Nicko, kwa mkono uleule, anageuza kila kona bila kukosea. Nikakushika mkono. Maana yake nilimshika yule binti mkono, lakini nilikuwa nakushika wewe. Akaniangalia na machozi yangu, akanipa kitambaa chake, nacho kimejaa tope. Nikakitumia hivyohivyo.

Kumbe si wimbo mgumu kuuelewa ukiwa umesimama, ni mgumu ukiwa na kalamu. Miaka yote tulikuwa tunahesabu mapigo pale kati, tunagombana, wewe ukisema saba mie nikisema vingine. Pale hakuna aliyehesabu. Ukishaisha, Iskandari amekufa kwa homa Babeli, watu wakakaa kimya kidogo kabla ya kupiga kelele, na kelele yenyewe, we acha tu.

Baada ya hapo wangeweza kupiga chochote. Nakumbuka moto, nakumbuka nimepoteza sauti, na mwishoni kabisa spika zikatupigia ule wimbo wa vichekesho wa Monty Python, wa kutazama upande mzuri wa maisha, huku elfu hamsini tunajikongoja gizani kutafuta mahema, mmoja akianguka kumi wanamwinua, wawili kati ya hao kumi wanaanguka. Hema letu tulilikuta limeshalala ubavu. Tulilala tumekaa.

Kuondoka nako kulikuwa vita. Tulishauriana kupanda na jirani wa kambini, mwanamume wa Bremen mwenye kigari cha kulala, tukangojea trekta tangu asubuhi. Mkulima aliyetuvuta ni mzee wa kijijini, anavuta sigara, hasemi. Nilitaka kumpa chochote, akakataa, akaninyooshea kidole mabuti, akacheka peke yake akaenda kwa mwingine. Nguo nimefua na kufua, maji bado yanatoka kahawia. Mabuti nimeyaweka nje ya mlango na jirani wa chini ameshalalamika.

Sasa sikiliza. Tiketi za mwakani zimeshauzwa zote, zilimalizika kwa saa chache kabla mie sijamaliza hata kujikausha, kwa hiyo usianze kunipigia kelele kwamba tungeenda wote. Tutafute 2025, nawe uanze kufuatilia visa mapema. Uwe na barua ya kazini na karatasi za benki, si ule mchezo wa mwisho mwisho.

Kuna mtu anakuja Dar Desemba, amekubali kubeba mzigo mdogo. Nimekununulia fulana ya ziara, yenye tarehe zote mgongoni. Niandikie upesi kama unavaa M au L, ili kama haikutoshi nitafute ya kubadilishana na mtu hapa. Ni nyeusi. Zote ni nyeusi, usiniulize rangi.

Shoga yako wa Hamburg