Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, madaktari wenzangu,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti asome taarifa ya mwaka, nami nasimama kutimiza hilo. Yale mnayoyajua nitayapita mbio, maana lipo jambo moja, waraka wa Machi kuhusu kutambua ugonjwa wa maltipo sklerosisi, ambalo limesemwa sana kwenye korido na kwenye simu, lakini kikaoni halikusemwa. Leo nataka tulimalize.

Shughuli za mwaka: tulipanga vikao 10 vya masomo, vikafanyika 8. Kamati tendaji ilikutana mara 6, kati ya hizo mara 2 bila akidi. Tulijadili makala 19. Wanachama wapya ni 7, waliohama ni 3, na daftari sasa lina majina 71. Waliolipa ada yote ni 28, waliolipa nusu ni 9, na 34 hawajalipa chochote, wakiwamo wajumbe wawili wa kamati ambao sitawataja kwa majina. Wenyewe wanajijua na wamekaa safu ya mbele. Hesabu za fedha atazisoma Mhazini. Kikao cha tiba ya viungo kilikwenda vizuri. Kikao cha matatizo ya kibofu nacho kilikwenda vizuri, kwa wale 6 waliokuwapo.

Mahudhurio ndiyo yanayoniumiza. Kikao cha kwanza tulikuwa 41, hadi tukaazima viti. Cha nne tulikuwa 17. Cha Machi tulikuwa 11, tukimhesabu mgeni wetu, mtaalamu wa radiolojia aliyeacha kazi zake kuja kutuonyesha picha. Naomba mkumbuke hicho kikao cha Machi, nitakirudia.

Mtakumbuka pia kwamba mwaka huu wote tuliutoa kwa ugonjwa mmoja, maltipo sklerosisi, ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo, nasi sote tunauita MS. Uamuzi huo ulipitishwa kwa kura, ingawa wazo lilikuwa langu na sioni aibu kusema hivyo. Waliouliza kwa nini tujishughulishe na ugonjwa ambao daktari wa kawaida anaweza kukaa mwaka mzima asiuone, niliwajibu kwamba anayekaa mwaka mzima asiuone huenda anauona bila kuujua. Nilikuwa na sababu nyingine. Dawa ya kwanza ya kupunguza mashambulio, yaani vipindi vya dalili kuzuka, interferon beta-1b, iliidhinishwa Marekani mwaka 1993. Leo dawa zimepita 20. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10. Katika kundi hilo, 955 walipata MS, na kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr kulipandisha hatari mara 32, wakati virusi vingine vinavyoenea kwa njia kama hiyo havikuipandisha. Mwaka huohuo jarida la Nature likaonyesha njia mojawapo inayowezekana: kingamwili zinazolenga protini ya virusi hivyo zinaweza kuishika pia protini ya kwenye ubongo kwa sababu zinafanana. Wengi wetu tulifundishwa kwamba chanzo hakijulikani, tukaishia hapo. Hilo peke yake lilitosha kuturudisha darasani.

Sasa nije kwenye waraka.

Mwezi Machi kamati ilitoa waraka wa kurasa mbili, wenye saini yangu, ukiwashauri wanachama waanze kutumia vigezo vya McDonald, yaani masharti ya kimataifa ya kutambua MS, vilivyorekebishwa mwaka 2024. Vigezo hivyo vilitangazwa Copenhagen mwezi Septemba 2024 na kuchapishwa kikamilifu katika The Lancet Neurology mwezi Septemba 2025. Waraka huo umeniletea maneno ambayo sikuwahi kuyasikia tangu nilipojiunga na chama hiki. Nimeambiwa nimejifanya wizara. Nimeambiwa nimeleta mambo ya vitabu kwa watu wenye wagonjwa. Mzee mmoja wa chama hiki, aliyewahi kukalia kiti hiki na aliyenifundisha kushika nyundo ya kupimia mishipa ya fahamu, aliniandikia barua ya kurasa tatu. Kwa heshima niliyonayo kwake, nitaijibu hapa mbele yenu, na pale aliponishinda nitasema.

Lawama ya kwanza ni ya utaratibu: kwamba waraka haukupitia mkutano mkuu. Ndugu zangu, rasimu ilisambazwa wiki tatu kabla ya kikao cha Machi. Maoni tuliyopokea kwa maandishi yalikuwa mawili, na moja lilikuwa linauliza kikao kitaanza saa ngapi. Kikaoni tulikuwa 11, tukapitia mstari kwa mstari hadi usiku. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Sisemi hivyo kwa kejeli, lakini mwenyekiti hawezi kushauriana na viti.

Lawama ya pili ni nzito, nayo inastahili nafasi: kwamba vigezo vipya vinalegeza mlango, na kwamba tutawabandika watu ugonjwa wasiokuwa nao. Ni kweli mlango umebadilika. Zamani tulitakiwa kuthibitisha mambo mawili, kwamba madoa ya ugonjwa kwenye picha ya ubongo na uti wa mgongo yametawanyika mahali mbalimbali na kwamba yametokea kwa nyakati tofauti. Sasa tofauti ya nyakati si sharti la lazima. Neva ya macho imeongezwa kuwa mahali pa tano, pamoja na kando ya ventrikali (vyumba vya maji ndani ya ubongo), gamba la ubongo na jirani yake, shina la ubongo na serebelamu (ubongo mdogo wa nyuma), na uti wa mgongo. Mgonjwa mwenye dalili zinazofanana kabisa na MS, akiwa na madoa katika sehemu 4 kati ya hizo 5 na bila maelezo mengine bora, anaweza kutambuliwa bila kungoja shambulio la pili. Hata mtu asiye na dalili, ambaye madoa yake yameonekana kwa bahati, anaweza kuhesabiwa kuwa na MS kwa masharti maalumu. Hapo ndipo mzee wetu aliposhtuka, na sikumlaumu.

Lakini vigezo hivyohivyo vimekaza upande wa pili, na hili ndilo waliosoma ukurasa wa kwanza tu wa waraka hawakulifikia. Vimeingiza alama ya vena ya katikati, yaani kamshipa kanakoonekana kupita katikati ya doa. Ubongo una njia nyingi za kupata madoa meupe: kipandauso, shinikizo la damu, uzee. Madoa hayo kwa kawaida hayana kamshipa hako kwa wingi. Ukikaona katika madoa 6 au zaidi, una hoja nzito kwamba ni MS. Vimeingiza pia madoa yenye ukingo wa chuma, ambayo ni dalili ya uvimbe sugu unaofuka chini kwa chini. Na katika maji ya uti wa mgongo, kipimo cha minyororo huru ya kappa, ambayo ni vipande vya kingamwili, sasa kinakubalika sawa na bendi za oligokloni, yaani mistari ya kingamwili tuliyozoea kuitafuta. Ni cha haraka, na hakitegemei jicho la anayesoma mistari. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 12 inasisitizwa apimwe kingamwili za MOG, zinazoashiria ugonjwa mwingine unaofanana na MS, kabla hujamwita mgonjwa wa MS.

Kuhusu kubandika watu ugonjwa, nilichomwandikia mzee ni hiki: kosa hilo tulikuwa nalo chini ya vigezo vya zamani. Utafiti wa mwaka 2019 katika vituo viwili vya Los Angeles uliwaangalia watu 241 waliopelekwa huko wakiwa tayari wameambiwa wana MS. Watu 43 hawakuwa nayo, yaani 18 kati ya kila 100. Mwaka 2016 vituo vinne vya Marekani vilikusanya habari za watu 110 waliotambuliwa kimakosa. Ugonjwa wao halisi mara nyingi ulikuwa kipandauso. Takribani theluthi moja walibeba jina hilo kwa miaka 10 au zaidi, na wengi walikuwa wamekwisha kupewa dawa za MS. Baadhi yao walikuwa na ugonjwa wa neuromielitisi optika, unaoshambulia neva ya macho na uti wa mgongo, ambao baadhi ya dawa za MS, kama interferon beta na fingolimod, zinaweza kuuzidisha. Hawa hawakuharibiwa na vigezo vipya. Waliharibiwa na sisi kusoma ripoti ya picha kabla ya kumsikiliza mgonjwa, ilhali vigezo vya McDonald, vya zamani na vya sasa, vinaanza na mgonjwa mwenye dalili za aina hiyo, ukiacha yale masharti maalumu niliyoyataja. Havikuundwa kutafutia ugonjwa kila kizunguzungu na kila ganzi ya vidole.

Mahali mzee aliponishinda ni hapa. Nakala ya kwanza ya waraka haikuwa na aya ya tahadhari kwa wagonjwa waliovuka miaka 50, wenye kipandauso, au wenye hatari za mishipa ya damu, ambao kwao vigezo vinataka ushahidi wa ziada kama doa la uti wa mgongo, maji ya uti wa mgongo yenye dalili, au alama ya vena. Aya hiyo ilikatwa ili waraka uenee kurasa mbili. Mkato huo niliukubali mimi. Mzee ndiye aliyeugundua, ndani ya siku nne, na nakala iliyosahihishwa ilitoka Aprili. Namshukuru. Ningemshukuru zaidi kama angekuja Machi.

Lawama ya tatu ni kwamba wengi wetu hatuna mashine wala mpangilio wa picha wa kuonyesha hizo vena na huo ukingo wa chuma. Jibu ni fupi: vigezo havilazimishi. Ni nyongeza ya kusaidia pale ushahidi unapopungua. Anayeweza kumwomba mtaalamu wa picha aongeze SWI, aina ya picha ya MRI inayoonyesha vena na chuma, na aombe. Asiyeweza ana maji ya uti wa mgongo, ana macho ya mgonjwa ya kupima, na ana muda wa kumwita tena. Mgeni wetu wa Machi alitueleza hivyohivyo, kwa wale 11.

Upande wa tiba sitakaa sana, kwa kuwa haukuwa na ugomvi. Msemaji wa kikao cha Juni hakutokea, ikabidi nisome mwenyewe usiku kucha nisimame badala yake, na waliokuwapo nadhani watakubali hakikuwa kikao kibaya. Kubwa ni kwamba dawa zinazoondoa seli B, ambazo ni seli za kinga, zimebadili kazi yetu. Ocrelizumab ilikuwa ya kwanza, mwaka 2017, kuidhinishwa Marekani kwa aina ya MS inayozidi polepole tangu mwanzo. Rituximab, ya zamani na isiyosajiliwa kwa MS, ilishindanishwa nchini Sweden na dimethyl fumarate, dawa nyingine ya MS. Katika miaka miwili waliopata shambulio walikuwa asilimia 3 dhidi ya 16. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu pamoja na cladribine na glatiramer, mara ya kwanza kwa dawa za MS kuingia humo. Nilirudia mara tatu kwamba hepatitisi B ipimwe kabla ya dozi ya kwanza, na narudia mara ya nne.

Tolebrutinib, dawa inayozuia kimeng'enya cha BTK cha seli za kinga, ilipunguza kwa asilimia 31 hatari ya ulemavu kuzidi kwa wagonjwa wa hatua ya pili, ile ya ulemavu kuzidi polepole, wasiopata tena mashambulio, lakini haikuishinda teriflunomide, dawa nyingine ya MS, katika kupunguza mashambulio, na ini linaweza kuumia vibaya. Simvastatin, dawa ya kolesteroli, tuliitumaini kwa kuwa tunaijua. Wagonjwa 964 wa Uingereza wa hatua hiyo ya pili wametuonyesha haisaidii kuzuia ulemavu kuzidi. Na kuhusu kusimamisha dawa kwa waliofika miaka 55 na kukaa miaka 5 bila shambulio, waliosimamisha walipata dalili mpya za ugonjwa, nyingi zikiwa kwenye picha tu, kwa takribani 12 kati ya 100, na walioendelea takribani 5. Kila mtu apime na mgonjwa wake. Mjadala huo ulikuwa mzuri kuliko yote ya mwaka, na mtu mmoja tu alisinzia.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, kamati inatarajia kuanzisha daftari la pamoja la wagonjwa, kuangalia uwezekano wa kushirikiana na vyama vingine, na pengine kupata mafunzo ya kusoma picha. Hayo yote yanategemea ada, na orodha ya wadaiwa Mhazini ameibandika mlangoni.

Kama mkutano unaona waraka ufutwe, hoja iletwe kwenye ajenda ya 6 na nitaiongoza bila kinyongo. Ila atakayeileta namwomba kwanza apitie mezani kwa Katibu achukue nakala. Zilichapwa 71, na 38 ziko pale tangu Aprili.